Kwa Dada Yangu, Aliyekuwa Nyamwiza

Mpendwa Dada,

Mwezi uliopita mhariri mmoja kijana aliniandikia kuniomba makala. Alitaka nieleze kwa nini tamthilia fulani za televisheni hudumu miaka na nyingine hufa baada ya wiki chache. Alikuwa amesikia kwamba zamani, enzi za Mwingereza, niliendesha mchezo wa kuigiza pale Kishanda, ukachezwa kila Jumamosi tangu msimu wa kuchuma kahawa hadi msimu uliofuata. Nikamjibu kwa kurasa mbili. Niliandika kwamba tamthilia ndefu hubebwa na mtu wake mbaya: watazamaji humpenda mwema, lakini wanayemfuata ni mbaya. Nikaeleza jinsi mtu huyo anavyojengwa, nikatia sahihi, nikatuma. Makala imetoka. Wamesema ni nzuri.

Kila nilichoandika mle nilikipata kwako, lakini jina lako halimo. Katika barua yake kijana yule alikuwa amenitajia, kama kichekesho, mwigizaji wa kike wa siku hizi anayezomewa sokoni kwa sababu ya ubaya anaouigiza. Nilisoma sentensi ile mara mbili nikaiacha bila kuijibu.

Sasa najibu, ingawa ninakuandikia wewe, na wewe tumekuzika Kimwani tangu kabla ya mvua. Hapa Bukoba nakaa peke yangu. Jirani ana televisheni, na sauti yake hupenya ukutani jioni, watu wakigombana kwa maneno mazuri. Sikuweka shajara miaka ile. Nitaandika ninachokumbuka, na nisichokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili katika shule ya misheni. Wewe, uliyenitangulia kwa miaka mitatu, ulikuwa ukiwafundisha wasichana kusoma na kushona kwenye baraza la kanisa. Mwalimu mkuu alitaka mchezo mmoja tu, wa kuwaonya wazazi wasiwanyang'anye wajane vibanja vyao vya migomba. Niliuandika kwa siku mbili. Kulikuwa na mjane mwema, watoto wake, na wifi yake Nyamwiza, dada wa marehemu, anayetaka kuwatoa kwenye kibanja ili akichukue yeye. Mwishoni mukungu, mkuu wa kijiji, angemfukuza Nyamwiza na watu wangekwenda nyumbani.

Desturi ilikuwa wanaume waigize wanawake. Mwalimu niliyempa sehemu ya Nyamwiza alishikwa na homa siku tatu kabla. Ulikuwa ukipita na kitambaa chako cha kushona begani, ukasimama.

"Nipe mimi."

"Watasemaje?"

"Watasema kwanza, kisha watatazama. Lakini niambie, huyu anataka kibanja kwa nini?"

"Ni mchoyo."

"Uchoyo si sababu. Mchoyo yupo kila nyumba na hafukuzi yatima. Huyu alifukuzwa kwa mume wake, amerudi kwao, hana hata pa kupanda mgomba mmoja. Andika hilo halafu unipe."

Niliandika hilo. Nimefanya kazi ya uandishi maisha yangu yote, na hakuna mtu aliyenisahihisha vizuri zaidi kwa maneno machache zaidi.

Jumamosi ya kwanza watu walijaa uwanja wa shule. Walitarajia mwanamke wa kupiga kelele. Wewe ulizungumza na mjane kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi. Ulimsifia watoto wake. Ulimwambia anaonekana amechoka, apumzike, wewe utaangalia migomba. Niliona watu wa nyuma wakiinuka ili wasikie vizuri. Mukungu alipokufukuza walipiga makofi, na mimi nikakunja karatasi zangu nikidhani kazi imekwisha.

Jumamosi iliyofuata walirudi bila kuitwa. Walikaa majanini, wengine na vibuyu vyao, wakingoja. Ta Laurenti, aliyekuwa mzee wa kanisa na jirani yetu, alikuja hadi mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, yule mama amefika wapi?"

"Amefukuzwa, Ta Laurenti. Mchezo umekwisha."

"Amefukuzwa kwenda wapi?"

"Sijui. Amekwenda tu."

"Hujui? Na wewe ndiye mwenye mchezo! Mtu kama yule anazunguka ovyo, wala hujui aliko. Mimi nina migomba, mwalimu. Nitalalaje?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Wewe uliingia ndani, ukajifunga ile kanga ya Nyamwiza, ukatoka, ukamtazama mjane aliyekuwa amekaa na watu wengine kama mtazamaji. Ukasema, "Nimerudi. Nilisahau jembe langu."

Yowe lililopigwa pale lilisikika kanisani. Mchezo wetu ulianza siku ile, na aliyeuanzisha ni wewe.

Baada ya hapo tulikuwa tukikaa nyuma ya nyumba ya Tata, baba yetu, kila Jumatano alasiri, wewe ukimenya ndizi za jioni, mimi na kalamu. Ulikuwa na kanuni zako. Ulisema mwema hana kazi yoyote mpaka wewe uamke. Ukilala, naye anakaa tu akipendwa. Ulisema nikupe ushindi mdogo kila Jumamosi, lakini nikunyang'anye kitu pia, hata kama ni usingizi, kwa sababu mtu asiyepoteza kitu hatazamwi muda mrefu. Nilipotaka Nyamwiza acheke kicheko kirefu cha ubaya, ulitikisa kisu cha kumenyea. "Anacheka nini? Ana shida huyu." Yote hayo yamo katika makala yangu. Kisu hakimo.

Ulikuwa umesema kweli. Mwalimu aliyeigiza mjane alisafiri wiki mbili, tukaweka mwingine, na hakuna aliyeuliza. Wewe uliugua malaria Jumamosi moja. Watu walikaa kidogo, wakatazamana, wakaenda zao.

Shida ya mchezo wa kila wiki ni kwamba wiki huwa inakuja. Kufikia miezi ya katikati nilikuwa nimekausha kisima. Nyamwiza alikuwa ameshahamisha mipaka, ameshaleta shahidi wa uongo barazani, ameshamchonganisha mjane na kanisa. Jumatano moja nikakusomea kitu kipya. Shemeji mkubwa wa mjane, mtu pekee anayemtetea, anakuja kumtembelea Nyamwiza. Nyamwiza anamletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, anachukua punje moja, anaitafuna yeye kwanza kama inavyotakiwa, kisha anakigeuza kikapu kidogo tu na kumpa upande wa pili, wenye sumu. Anakula. Jumamosi hiyo hiyo anakufa.

Uliacha kumenya.

"Kahawa iache."

"Kwa nini?"

"Weka sumu kwenye pombe ya rubisi. Weka kwenye uji. Kahawa usiiguse."

"Ni mchezo tu, Dada."

Ukaanza kunieleza kana kwamba nilikuwa mgeni aliyeshuka melini jana. Ukasema mtu akifika kwako, kabla hujajua shida yake, unampa akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Unatafuna wewe kwanza ili aone haina kitu, kisha naye anatafuna, na kuanzia hapo mnaweza kuzungumza lolote, hata ugomvi. "Mtu akikataa rubisi, tunasema ameokoka. Akikataa chakula, tunasema ameshiba. Akikataa kahawa tutasema nini? Hapo pamebaki chuki peke yake. Wewe unataka watu wafikirie jambo hilo kila wakishika kikapu?"

Nilikuambia nitafikiri. Sikufikiri. Siku ya Ijumaa niliwapa wenzako karatasi zikiwa na kahawa ndani, na wewe hukunigombeza mbele yao. Ulicheza. Uligeuza kikapu kwa kidole kimoja, huku ukimuuliza shemeji habari za mguu wake unaomuuma. Nimeona mambo mengi tangu wakati huo, mengine ya kweli na ya kutisha zaidi. Sijaona umati ukinyamaza vile.

Kwanza ikawa utani. Mlangoni mwa kanisa Ma Eunike, jirani yetu, alikushika mkono akacheka. "Nyamwiza wangu, leo umetuwekea nini?" Ukamjibu kwamba ya kwake iko nyumbani, iko tayari, apite. Wote mkacheka. Hakupita. Wiki iliyofuata alipita kumwona Mama, ukampelekea kikapu, akasema meno yanamuuma. Baadaye alikula miwa pale pale uani.

Kisha akafa baba yetu mdogo. Siku ya pili ya matanga ulizunguka na kikapu kwa wageni kama binti wa nyumba anavyofanya. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikakuona ukitoka na nikakuona ukirudi. Kikapu kilikuwa kimejaa vile vile. Hakuna aliyekutukana. Walikuwa wanakuambia kwa heshima asante, waitu, asante sana, na mikono imekaa mapajani. Ulikiweka juu ya kinu, ukafunika, ukaenda kuteka maji. Mdogo wetu wa kike alikichukua kikapu hicho hicho, akazunguka nacho, akarudi nacho kitupu.

Yoeli alikuja wakati huo kuezeka bati jengo jipya la shule. Alikuwa fundi seremala wa Kaagya, mtu mrefu, mwenye kusema polepole, aliyekuwa akiimba sauti ya chini kwenye kwaya na kupotea kila ubeti wa tatu. Kila adhuhuri alishuka kutoka paani akaja kwenye baraza lako. Alitafuna kahawa yako. Nilimwuliza kama haogopi. "Mwalimu," alisema, "mimi natembea juu ya paa la watu. Nikiogopa kahawa nitakula wapi?" Ulicheka mpaka ukaweka sindano chini. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu hakikuwa cha Nyamwiza hata kidogo. Kilikuwa kikubwa na kibaya, kama mlango wa bati.

Alituma wazee wake. Walikuja watatu wakiongozwa na mshenga, mjomba wake, mzee mwenye koti jeusi. Hao hawakuwahi kutazama mchezo, lakini habari zilikuwa zimefika Kaagya kabla yao. Tata aliwapokea vizuri. Uliitwa. Ulitoka na kikapu, ukapiga magoti, ukawaamkia kwa heshima zote, ukachukua punje moja ukatafuna.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, na sikuliona mpaka nilipoona uso wa mshenga. Tendo lenyewe la kumhakikishia mgeni usalama ndilo tulilokuwa tumelifundisha kila mtu kuliogopa.

"Tumetafuna njiani, mwanangu," akasema mshenga.

"Hata moja, waitu," Tata akasema.

"Njiani kulikuwa na nyingi."

Tata akanigeukia. "Mwalimu, kula." Nikachukua mbili nikatafuna mbele yao, nikameza. Mshenga alinitazama kwa upole, akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye anayeandika." Wakacheka, na mimi nikacheka. Yoeli alikuwa ameinamia viatu vyake, kwa kuwa siku kama ile mchumba hana ruhusa ya kusema neno. Wewe ulibaki umepiga magoti na kikapu mbele yako kwa muda ambao sitaukadiria. Walisema watarudi wakishashauriana.

Jumatano ulikuwa unamenya ndizi kama kawaida.

"Mwue," ulisema.

"Nani?"

"Unamjua. Mwue Jumamosi hii, mbele yao wote. Afe, alale pale chini. Kisha niinuke mimi, nivue kanga yake, nigawe kahawa, na wewe uwe wa kwanza. Mwalimu mkuu awe wa pili. Ta Laurenti hataweza kukataa mbele ya mwalimu mkuu. Wakila hao, watakula wote, na Kaagya watasikia. Yoeli bado ana wiki tatu juu ya paa."

Ulikuwa umelipanga vizuri kuliko mimi nilivyowahi kupanga chochote. Lakini mfukoni mwangu kulikuwa na barua. Mhariri wa gazeti dogo la Kiswahili la mjini Bukoba alikuwa amesikia habari za mchezo. Alitualika tuucheze katika ukumbi wa mji mwishoni mwa mwezi, na kwa mkono wake aliongeza chini kwamba anatafuta kijana anayejua kushika masikio ya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitaka kuondoka Kishanda kuliko nilivyotaka kitu chochote.

"Nitamuua tukishatoka Bukoba," nikasema.

"Ni wiki tatu hizo."

"Bila Nyamwiza nina nini cha kuwaonyesha? Mjane?"

Ulinitazama, ukaokota ndizi nyingine. "Haya," ulisema. Ulikuwa na uzoefu wa kutazama watu wakitetea mambo mabaya kwa sababu nzuri.

Tulikwenda Bukoba juu ya magunia ya kahawa, ndani ya lori. Sikumbuki mchezo wa siku ile ulivyoanza. Nakumbuka ilikuwa alasiri, madirisha ya ukumbi yamefunguliwa kwa ajili ya joto, na mhariri amekaa upande wa kulia karibu na jukwaa, mahali nilipokuwa nimesimama na karatasi zangu. Kwenye benchi la tatu nilimwona Yoeli. Pembeni yake alikuwa mjomba wake katika koti lile jeusi. Kutoka Kaagya si mbali. Sikujua kama uliwaita au walikuja wenyewe, na sikuwahi kukuuliza.

Tulifika mahali ambapo Nyamwiza anajitetea barazani. Kwenye karatasi yangu ulikuwa na maneno ya nusu ukurasa. Hukuyasema. Uliivua kanga, ukaikunja, ukaiweka juu ya kiti cha mukungu. Chini yake ulikuwa umevaa gauni lako la kanisani. Ukachukua kikapu, ukashuka ngazi za jukwaa, ukaingia katikati ya watu.

Ukasema kwa sauti yako mwenyewe, ile ya nyumbani, "Mimi ni binti wa Kishanda. Kahawa hii aliichemsha mama yangu. Sina ugomvi na mtu." Ukatafuna punje moja. "Nani atapokea?"

Walidhani ni mchezo. Bila shaka walidhani. Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Ulisogea benchi kwa benchi. Watu walikuwa wakikwepesha magoti yao na macho yao yanang'aa kwa furaha ya kuogopa. Mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "Msile! Mama wee, msile, anatudanganya tena!" Ukumbi ukalipuka. Ukafika benchi la tatu ukasimama. Mkono wa Yoeli uliinuka kutoka gotini. Niliuona. Mjomba wake akaushika kifundoni na kuurudisha chini, bila hasira, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse chungu.

Ukageuka ukanitazama mimi.

Kutoka nilipokuwa mpaka ulipokuwa ni hatua kumi, au pungufu. Nilitakiwa kushuka, kutafuna punje moja, na kusema, "Huyu ni dada yangu, mchezo umekwisha." Sikuhitaji hata sauti kubwa. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafanya nini, na jibu ni kwamba nilikuwa natazama. Nilikuwa natazama nyuso za watu wa benchi la mbele na kufikiri kwamba sijawahi kuona ukumbi umeshikwa vile, na kwamba nikishuka nitauvunja.

Mhariri aliinama kwangu akanong'ona, "Hili uliliandika wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Makofi yalianza upande wa madirisha yakaenea. Watu walisimama. Wewe ulisimama katikati yao na kikapu kilichojaa, wakikupigia makofi. Kisha ukapita mlango wa pembeni ukatoka nje kwenye jua.

Njiani kurudi ulikaa upande wa pili wa magunia. Tulipokaribia Muleba ulisema neno moja: "Mwambie mwalimu mkuu atafute Nyamwiza mwingine." Alitafuta. Alimpata mwalimu mwenye sauti kubwa, aliyecheka kile kicheko kirefu nilichokuwa nimekitaka zamani. Baada ya Jumamosi tatu uwanja ulibaki na mbuzi. Hilo pia limo katika makala yangu, kama ushahidi. Mimi sikuwepo kuliona. Nilikuwa nimeshahamia Bukoba, na mhariri ameshanipa meza.

Yoeli alimaliza bati akarudi kwao. Alioa, nadhani. Wewe uliomba kazi Kimwani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amekanyaga uwanja wetu, ukafundisha huko mpaka ukastaafu. Uliolewa na mkulima mgane, mtu mtulivu, na yeye ukamzika. Nilikuja kukuona mara chache, kila mara nikiwa safarini kwenda mahali pengine, kila mara na gari linalonisubiri. Ulinipa kahawa. Nilikula, punje mbili, tatu. Ilikuwa rahisi, maana hapakuwa na mtu anayetazama. Hatukuwahi kulitaja jambo lile. Mara moja nilifungua kinywa, ukaniuliza kama Bukoba samaki wamepanda bei.

Siku ya tatu ya matanga yako nilikaa kwenye kona ya uwanja wenu. Sijawahi kujisikia mgeni vile katika mazishi, na nimeripoti mazishi mengi ya watu nisiowajua. Watu walijaa hadi shambani. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa akigawa uji alinisimamia.

"Na wewe ni nani wake, mzee?"

"Mdogo wake. Natoka Bukoba."

"Alikuwa na mdogo?" Akasema hivyo kwa mshangao tu, bila ubaya, akanijazia kikombe. Aliniambia anaitwa Ma Stela, mlifundisha pamoja miaka kumi na minane. Alisema hakuna mtu aliyepita mlangoni pako bila kutafuna kahawa, hata wakusanya kodi. Wanawake wengine wakaitikia. Mmoja akasema watoto wake wote watatu waliota meno wakiguguna kikapu chako.

Kisha Ma Stela akaanza kucheka na kujifuta macho.

"Mnakumbuka tulivyomtia kwenye mchezo? Siku ya kufunga shule!"

"Usinikumbushe," mwingine akasema.

"Tulimpa awe mama wa kambo, mzee. Maneno manne tu. Akasimama pale kama mgomba! Neno la kwanza amesahau, la pili amelisema kwa ukuta. La tatu akaanza kucheka mwenyewe. Mtoto anayetakiwa kumwogopa akamkimbilia akamkumbatia!"

"Tukamwondoa."

"Tukamwondoa, tukampa kupanga viti. Lo! Mwalimu alikuwa na kila kitu, lakini kuigiza, Mungu alimnyima kabisa. Yule hata akidanganya kwamba ameshiba unaona usoni."

Walicheka wote, kicheko cha watu waliokupenda. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakuona umesimama mbele ya watoto na wazazi wa Kimwani, ukisahau maneno manne, ukichagua ni lipi la kusema kwa ukuta, ukiupima ule mwendo wa kuchekesha. Nikajua nilikuwa naelezewa kazi yako kubwa kuliko zote, na kwamba uliicheza bila mwandishi, kwa miaka mingi, na hakuna aliyepiga makofi kwa kuwa ulihakikisha hakuna atakayejua.

Kazi yangu yote imekuwa kusahihisha. Nimesahihisha majina ya machifu, kimo cha maji ya mto uliofurika, maneno ya marehemu. Na pale nilikuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo uwanja mzima.

Ma Stela akanigeukia. "Na huko kwenu, mzee, alipokuwa msichana? Alikuwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikasema. "Hata uongo mdogo ulikuwa unamshinda."

Wakacheka tena, wakaniita nisogee, wakanipa nafasi mkekani.

Karatasi hizi sitampa mhariri yeyote. Lala salama, Dada.

Mdogo wako